Bajaji ya Mtumba: Ijaribu Mlimani Kabla Hujailipia Kariakoo

Wiki hii sitaongelea viuatilifu wala mbegu. Nataka tuongelee bajaji. Najua kuna atakayesema bwana shamba kaishiwa, lakini sogea kwanza. Kila msimu wa njegere na kabichi ukiisha, vijana wa milimani wananiuliza swali lile lile: "Bwana shamba, nimepata milioni nne na kitu. Nishuke Kariakoo nikachukue bajaji ya mtumba? Nataka tupande mimi na mke wangu, na mzigo kidogo."

Jibu langu fupi ni hili: chukua, ila usitoe hela mpaka bajaji yenyewe iwe imewapandisha mlima nyinyi wawili. Muuzaji akikataa, rudi na hela yako nyumbani. Jibu refu ndiyo hili ninaloandika leo, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mimi ndiye niliyeipitisha

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza kijana mmoja wa huku Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, kwenda Dar kununua bajaji. Yeye na mkewe walikuwa wameuza kabichi vizuri. Mimi walinichukua kwa sababu moja tu: niliwahi kumiliki pikipiki, kwa hiyo kijijini nahesabika kama mtu anayejua injini. Tukashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, tukaunga mpaka Gerezani, dalali akatupokea.

Bajaji ilikuwa inang'aa. Rangi mpya, siti mpya, redio inapiga. Namba D. Tukazunguka nayo Msimbazi, tukaingia Uhuru, tukarudi kwa Lumumba. Nilisikiliza injini, nikaangalia moshi, nikatikisa kichwa kama mtaalamu. Dalali akaniambia, "Mkuu, hii hata Kilimanjaro inapanda." Tukacheka wote. Kijana akalipa. Jioni tukaipakia kwenye Fuso lililokuwa limeshusha mboga na linarudi tupu Morogoro.

Siku ya tatu wakaanza kupanda kutoka Mlali. Wao wawili, na mifuko miwili ya mbolea ya kilo 50. Kwenye mwinuko mmoja mkali injini ikawa inalia kwa nguvu lakini bajaji haisogei. Klachi ilikuwa inateleza. Halafu ikaanza kurudi nyuma. Kijana akakanyaga breki, ikazama. Akavuta breki ya mkono, haikushika. Mkewe akaruka chini, akaokota jiwe akaliweka nyuma ya tairi. Jiwe likashika, lakini tairi ilikuwa imeshapita kwenye mkono wake.

Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri mpaka leo. Wewe unayelima njegere unajua maana yake. Njegere huchumwi kwa nguvu, unachumwa kwa vidole. Dada yule hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo linaniuma kuliko angenitukana.

Sasa nani alikosea? Dalali aliuza bajaji inayotembea Kariakoo, na kweli Kariakoo ilitembea. Kosa lilikuwa langu. Nilikwenda kununua chombo cha mlimani nikakijaribu mahali ambapo hakuna mlima.

Kariakoo ni tambarare

Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Mpaka leo mtaa ule unaishi kwa kubeba. Mikokoteni, maguta, bajaji, kirikuu, mabega ya watu, kila kitu kinabeba. Lakini ni kubeba kwa bondeni. Uko jirani na bahari, barabara zimelala kama sakafu. Mwinuko mkubwa utakaokutana nao pale ni tuta la barabarani.

Ndiyo maana bajaji iliyochoka inaweza kufanya kazi Kariakoo mwaka mzima na dereva asijue kwamba imechoka. Klachi iliyoisha haijitangazi kwenye tambarare. Kompresheni iliyopungua haionekani kwenye foleni ya Msimbazi. Breki ya mkono hakuna anayeikumbuka, kwa sababu chombo kikisimama hakiendi popote. Muuzaji mwenyewe anaweza kuwa mkweli kabisa akikuambia haina tatizo. Kwake haina.

Kwa hiyo nawapa njia ya bure. Mwaka 1961 Chuo Kikuu chetu kilianzia Mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU. Mwaka 1964 kikahamia kule juu tunakoita Mlimani. Na wewe hamisha jaribio lako vilevile. Toka Lumumba, shika Barabara ya Morogoro mpaka Ubungo, ingia Sam Nujoma, tafuta miinuko ya upande wa Chuo na Changanyikeni. Ukiwa na nusu siku, nenda Kisarawe kupitia Pugu, maana mji ule umekaa juu ya vilima. Hakuna hapo kinachofanana na Uluguru wala Usambara, lakini ni mbingu na ardhi ukilinganisha na kuzunguka Mtaa wa Uhuru.

Mlima unaidai bajaji kiasi gani

Tufanye hesabu kidogo, si ngumu. Bajaji ya kawaida ya abiria ina kilo 300 na ushee bila mtu. Weka watu wawili, kama kilo 130. Weka mifuko miwili ya mbolea, kilo 100. Umeshakaribia kilo 600.

Kwenye tambarare injini haiinui uzito huo, inausukuma tu. Kwenye mlima inauinua. Barabara ikipanda mita 1 kwa kila mita 10, injini inavuta juu sehemu moja ya kumi ya uzito wote, yaani kilo 60. Ni kama mtu anayevuta ndoo tatu za lita 20 kutoka kisimani bila kupumzika. Mwinuko ukiwa mita 1 kwa kila mita 5, na milimani kwetu ipo mingi ya hivyo, ndoo zinakuwa sita. Na injini yenyewe, hizi za mipigo minne za karibu sisi 200, ina nguvu za farasi kama 10 hivi ikiwa mpya.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na injini ya namna hii inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu yake kwa kila mita 1,000. Mtu wa Nyandira au wa Lushoto yuko juu ya mita 1,300. Kwa hiyo farasi zako 10 za Kariakoo, ukifika nyumbani ni 8 na nusu hivi, hapo hujahesabu uzee wa injini. Hiyo pia ndiyo sababu bajaji iliyokuwa safi Dar inaanza kutoa moshi mweusi huku juu: petroli ni ile ile, hewa imepungua. Fundi anayejua atakurekebishia kabureta. Asiyejua atakuambia injini imekufa, akuuzie pistoni.

Angalia barabara ya Mombo mpaka Lushoto. Ni kilomita 33 hivi, na unapanda zaidi ya mita 800. Injini inafanya kazi nzito karibu saa nzima bila kupumua. Jaribio la dakika kumi kwenye lami ya mjini litakuambia nini kuhusu saa hiyo moja?

Mtu wa pili si mzigo wa ziada

Kuna watu wananiambia, "Bwana shamba, peke yangu inapanda, mwenzangu atashuka kwenye kilima." Hapana. Kama hesabu yako inategemea mkeo, mumeo au mdogo wako ashuke kila kilima, basi umenunua chombo cha mtu mmoja. Na mtu anayeshuka kwenye kilima ndiye huyo huyo anayeishia kushika jiwe nyuma ya tairi.

Mtu wa pili ni sehemu ya biashara. Ndiye anayesimamia mzigo wakati wewe unabishana bei na mnunuzi. Ndiye anayehesabu matenga. Mara nyingi ndiye mwenye nusu ya hela iliyonunua chombo, ingawa kadi inaandikwa jina lako. Kwa hiyo bajaji ichaguliwe kwa ajili yenu wawili, na wote wawili mwende kuijaribu.

Na akae sehemu yake. Tabia ya kumbana dereva pembeni kwenye siti ya mbele, kama mnavyofanya mishkaki kwenye pikipiki, huku kwetu inaua. Chombo hiki kina tairi moja mbele. Kwenye kona ya mteremko, uzito ukiegemea upande mmoja, kinalala. Mtu wa pili akae nyuma, katikati, na mzigo uwe chini ya siti na mbele ya ekseli ya nyuma, usiwe unaning'inia nje. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, kwenye kupanda tairi la mbele linakuwa jepesi, unakata stelingi na chombo hakikusikii. Lumbesa ni wizi kwenye gunia. Kwenye bajaji ya mlimani ni ajali.

Guta au bajaji ya abiria?

Maguta ya mizigo yanavutia kwa sababu yana kontena kubwa. Na kweli, kama unabeba wewe mwenyewe na mzigo mzito kwenye barabara pana isiyo na kona kali, guta zuri lenye gia nzito litakufaa. Lakini swali letu ni watu wawili. Kwenye guta mtu wa pili hana mahali. Atakaa juu ya mzigo au atajibana na dereva, na vyote viwili nimeshasema.

Maoni yangu: kwa watu wawili na mzigo usiozidi kilo 150, chukua bajaji ya abiria ya injini ya mipigo minne, iliyo nzima, siti ya nyuma ikiwepo. Achana na zile za zamani za mipigo miwili hata wakikupunguzia bei. Kupanda zinapanda, lakini zinakula mafuta, na kwenye kushuka injini yake haikushikii kama ile ya mipigo minne. Na kama mko vijana watatu mnaoaminiana na kila mmoja ana hela ya bajaji, kaeni chini mfikirie kirikuu moja ya pamoja. Nasema mfikirie, maana kuaminiana nako kuna mtihani wake.

Kabla ya kwenda kwa muuzaji, anza na maduka ya spea. Zunguka Gerezani na mitaa ya jirani uulize bei ya pleti za klachi, brekishuu, waya wa klachi, raba za ekseli. Halafu piga simu kwa fundi wa kijijini kwako umuulize ni aina gani anayoijua kwa mikono yake. Hiyo ndiyo aina ya kununua. Bajaji nzuri ambayo fundi wa karibu yuko kilomita 60 si nzuri.

Za gesi

Siku hizi Dar kuna bajaji nyingi zimefungwa mtungi wa gesi asilia. Kwa dereva wa mjini ni akili nzuri, gesi inaokoa hela. Kwako wewe ni kitu cha kuuliza mara mbili. Vituo vya gesi hiyo viko zaidi Dar, huku milimani hakuna. Utabeba mtungi mzito usiojazwa. Pia injini iliyobadilishwa kutumia gesi inapungua nguvu kidogo, kwa hiyo ijaribu ikiwa kwenye petroli. Nyingine zimekaa kwenye gesi muda mrefu mpaka kabureta na tangi vimesahaulika. Ukiipenda, mtungi utolewe na bei ipungue.

Mkulima anashuka na mzigo

Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wengi. Kila mtu anauliza, "Itapanda?" Mimi nauliza, "Itasimama?" Fikiria safari yako. Unapanda na mbolea mara chache kwa msimu. Unashuka na kabichi, karoti na njegere kila wiki. Uzito wako mkubwa uko kwenye kushuka. Bajaji isiyopanda itakuaibisha. Bajaji isiyosimama utazikwa nayo.

Sheria ni moja: gia uliyopandia ndiyo ushukie. Usiweke nyutro eti unaokoa mafuta. Ukishuka na nyutro, kazi yote ya kushika kilo 600 unaiachia brekishuu, ambazo zimejifungia ndani ya ngoma zisizopata upepo. Zikipata moto zinaacha kushika, na pedali yako inakuwa ya mapambo. Ukisikia harufu ya kuungua, simama, weka jiwe, subiri zipoe zenyewe. Usimwagie maji, ngoma ya moto inaweza kupasuka.

Jinsi ya kuijaribu

Nenda asubuhi, bila kumpa muuzaji nafasi ya kuipasha moto. Nenda na fundi wako mwenyewe umlipe, usitumie wa dalali. Halafu fanyeni haya kwa mpangilio huu.

1. Gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, ujue imepashwa kwa ajili yako. Sema utarudi kesho alfajiri.

2. Injini ikiwa imezimwa, weka gia ya kwanza mkasukume. Inatakiwa ikatae na iende kwa kushtukashtuka. Ikiteleza kirahisi, kompresheni au klachi imeisha.

3. Washa uangalie moshi. Wa bluu unaoendelea ni oili inaungua, na hapo ujue ringi zimekwisha. Mweusi ni petroli nyingi, kabureta inarekebishika.

4. Shika breki, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini lazima izime. Ikiendelea kunguruma huku chombo kimesimama, klachi inateleza. Jaribio hili linachukua nusu dakika, na kama ningelijua siku ile, dada yule angekuwa na vidole vyake.

5. Kanyaga breki ukaze kwa dakika nzima. Pedali ikizama polepole, kuna mahali mafuta ya breki yanavuja.

6. Lala chini uangalie chesisi. Tafuta nyufa na alama za kuchomelea kwenye shingo ya mbele na kwenye mikono inayoshika tairi za nyuma. Rangi mpya sehemu moja tu isikufurahishe, ikwangue kidogo.

7. Sasa nendeni mlimani. Panda wewe, mwenzio, fundi na dalali, mjae. Uzito wa watu wanne Dar ni mtihani wa karibu na watu wawili na mzigo huku juu. Simama katikati ya mwinuko. Vuta breki ya mkono, achia ya mguu, hesabu mpaka thelathini. Isirudi hata inchi moja. Halafu ondoka kwa gia ya kwanza bila kurudi nyuma. Fanya hivyo mara tatu mfululizo, maana klachi mbovu inaweza kukudanganya mara moja ikiwa ya baridi.

8. Mshuke kwa gia ya pili bila kugusa breki, msikilize. Gia isichomoke. Gia inayochomoka kwenye mteremko ni sababu tosha ya kuiacha bajaji hiyo hata kama ni ya bei ya kutupa.

Kuna atakayeniambia, "Bwana shamba, hakuna muuzaji atakayekubali nipande na bajaji yake mpaka Changanyikeni." Wapo wanaokubali. Mwambie yeye aendeshe, wewe utanunua petroli na utamlipa muda wake. Ni kilomita zisizofika 15 kwenda. Kwa mtu anayetaka kupokea mamilioni yako, saa mbili si kitu. Akikataa kabisa, amekujibu. Bajaji za mtumba Dar haziishi, tembea.

Karatasi

Bajaji nyingi za mtumba zimetoka kwenye mkataba, yaani dereva analeta hesabu kila siku kwa mwenye chombo mpaka kiwe chake. Hakuna ubaya, ila kumbuka mambo mawili. Kwanza, chombo cha hesabu kimekimbizwa sana na kimetengenezwa kwa bei rahisi. Pili, dereva ambaye hajamaliza mkataba hana cha kukuuzia. Na nyingine zimenunuliwa kwa mkopo, kadi imeshikwa na mkopeshaji, wewe unaonyeshwa kivuli tu.

Kwa hiyo: kadi halisi mkononi, siyo kivuli. Jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha NIDA cha anayekuuzia. Namba ya chesisi na ya injini usome mwenyewe kwenye chuma, ulinganishe na kadi. Angalia kwenye mfumo wa polisi kama namba hiyo inadaiwa faini za barabarani, ukalinganishe na bima. Mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili, na umiliki uhamishwe TRA kwa TIN yako. Usikubali "tutabadilisha baadaye." Leseni yako nayo iwe na daraja la magurudumu matatu, ile ya pikipiki pekee haitoshi.

Na hela yote usiimalize kwenye kununua. Igawe mafungu matano. Manne nunua, moja baki nalo kuiandaa kwa ajili ya mlima: pleti mpya za klachi, brekishuu mpya, waya mpya, oili, na tairi mbili nzuri za nyuma kabla ya masika ya Machi. Udongo wetu ukilowa unajua unavyokuwa.

Lakini je, inakulipa?

Mwisho, na hili ndilo linalowakwaza vijana wengi. Chukua mfano, uweke namba zako mwenyewe. Tuseme unalipa bodaboda shilingi 20,000 kila safari kushusha mzigo mpaka linapopakia Fuso, safari tatu kwa wiki. Ni 60,000. Bajaji yako itakula petroli na matengenezo, tuseme 25,000. Umeokoa 35,000 kwa wiki. Kama chombo pamoja na matengenezo ya mwanzo kimekugharimu milioni 4 na nusu, utakirudisha kwa wiki 129 za kazi. Na wewe unavuna wiki ngapi kwa mwaka? Kama ni 20, ni zaidi ya miaka sita. Hiyo bajaji ya mtumba itakuwa hai?

Sasa chukua na mzigo wa majirani wawili, ufikishe 90,000 inayobaki kwa wiki. Inakuwa wiki 50. Hapo ndipo panaeleweka. Ila ukianza kubeba mizigo ya watu kwa malipo umeingia biashara ya usafirishaji, ulizia leseni yake LATRA kabla hujakamatwa.

Kwa hiyo kama unalima ekari moja peke yako na huna jirani wa kumbebea, ushauri wangu ni usinunue mwaka huu. Weka hela hiyo kwenye umwagiliaji, bodaboda aendelee kukubebea. Kama una mzigo wa kutosha, nunua, lakini kwa macho ya mlimani.

Yule kijana na mkewe bado wana bajaji ile. Tuliitengeneza upya klachi na breki zote, na gharama nilichangia mimi, maana nilistahili. Sasa ndani kuna kipande cha mti kilichochongwa kama kabari, kimefungwa kamba ndefu, ili atakayelazimika kuzuia tairi akisukumie akiwa amesimama mbali. Mkewe ndiye aliyekibuni. Chonga na wewe cha kwako. Ni mti tu, hakigharimu kitu, na usisubiri mpaka kipite kilichompata yeye.

Kila la heri kwenye mavuno, na muendeshe salama.